Mnazi Una Bei, Mchanga Hauna

Nilikuwa darasa la nne wapimaji wa barabara walipofika kwa bibi yangu mzaa mama, huko pwani. Walikuwa watatu: mmoja ana utepe wa kupimia, mmoja kopo la rangi nyekundu, na kijana mwenye daftari aliyeonekana kuwa ndiye mkubwa wao ingawa hakuwa na ndevu hata moja. Walihesabu minazi. Inayozaa waliipa ukurasa wake, michanga ukurasa wake, na ile mizee iliyokwisha kuchoka wakaitazama kwa muda, wakanong'onezana, wakaiandika pembeni. Wakaja kwenye miembe miwili, mfenesi na matuta ya mihogo, kisha nyumba: vyumba vitatu vya udongo na makuti, choo cha uani, kisima. Walipofunga daftari bibi akauliza, "Na hapa chini je, mwanangu?"

Kijana akatazama alipokanyaga. "Hapa chini ni pa serikali, bibi. Sisi tunalipa kilicho juu."

Bibi hakubishana naye. Aliwaangushia madafu, wakanywa, wakaenda zao. Kwa miaka mingi niliamini kwamba kijana yule alimdhulumu bibi kwa ulimi wake, mpaka nilipokuja kusoma na kugundua kwamba aliisema sheria ya nchi barabara kabisa, tena kwa maneno machache kuliko wakili yeyote. Mnazi ulikuwa na bei. Mchanga ulioushika haukuwa nayo. Nikaanza kutafuta ni nani aliyeyaamua hayo, na lini.

Kusema kweli, watu wa pwani wenyewe walikuwa na desturi ya kutenganisha mti na ardhi. Unguja na Pemba mtu huweza kuwa na minazi au mikarafuu katika ardhi isiyo yake, akairithisha kwa wanawe, na mwenye ardhi akabaki na ardhi yake. Lakini desturi hiyo haikusema kwamba ardhi haina mwenyewe. Ilisema kwamba vitu viwili vyaweza kuwa na wenyewe wawili. Tofauti hiyo ndogo ndiyo iliyopotea pale wageni kutoka Ulaya walipoanza kuiandika desturi ya wenyeji kwa lugha zao.

Wa kwanza walikuwa Wajerumani. Tarehe 26 Novemba 1895 Kaiza alitoa amri kwamba ardhi yote ya Afrika Mashariki ya Kijerumani isiyo na mwenyewe ni ardhi ya dola. Mwenyewe ni nani? Ni yule anayeweza kuthibitisha kwa hati, au anayeonekana analima. Mwaka uliofuata ukaja waraka wa kuwaelekeza maofisa: wanapogawa ardhi kwa walowezi, wenyeji waachiwe eneo mara nne ya wanalolima. Ukisikia hivyo waweza kudhani ni ukarimu. Lakini mfugaji halimi, na mkulima huacha konde lipumzike miaka kadhaa kabla ya kulirudia, na malisho ya kiangazi hayana jembe wala ua. Vyote hivyo, kwa macho ya mpimaji wa Kijerumani, vilikuwa pori.

Waingereza walipopewa Tanganyika baada ya vita ya kwanza ya dunia, walitunga Sheria ya Ardhi ya mwaka 1923. Ardhi yote ikatangazwa kuwa ya umma, chini ya mamlaka ya gavana, ili itumike kwa manufaa ya wenyeji. Mtu hakumiliki ardhi. Alipewa haki ya kuikalia. Mwaka 1928 sheria ikaongezewa maneno ya kueleza kwamba wenyeji wanaokalia ardhi kwa mila zao nao wahesabiwe kuwa na haki hiyo, hata kama hawana karatasi. Mamilioni ya watu walilala hawana hati wakaamka wana haki, na wengi wao hawakujua kwamba kuna lolote lililobadilika. Haki ile ya kuhesabiwa ilikuwa na uzito gani? Hilo halikuandikwa, na kwa miaka 66 liliachwa liamuliwe na nguvu ya anayeuliza.

Mwaka 1953 swali hilo lilifika katika Mahakama ya Rufani ya Afrika Mashariki, katika kesi ya Mtoro bin Mwamba iliyohusu ardhi ya Dar es Salaam. Alidai kwamba ardhi ni yake kabisa, si ya kukalia tu. Majaji wakajibu kwamba mila za wenyeji wa pale hazijui mtu mmoja kumiliki ardhi. Zinajua matumizi yake. Mimea aliyoipanda ni yake. Chini si pake. Kijana mwenye daftari alikuwa bado hajazaliwa, lakini jibu lake kwa bibi lilikwisha kuandikwa na kupigwa muhuri.

Kabla ya hukumu hiyo, kwenye miteremko ya Mlima Meru, kulikwisha kutokea jambo lililotikisa nchi nzima. Hapa nitakaa kidogo, kwa sababu vijana wengi niliozungumza nao wanalijua jina la Kirilo Japhet kama jina tu, na wengine huwachanganya Wameru hawa wa Arusha na Wameru wa Mlima Kenya, ambao ni watu wengine.

Wajerumani walikuwa wamewazungushia Wameru pete ya mashamba ya walowezi. Juu kuna msitu wa hifadhi, chini kuna Makaburu waliotoka Afrika Kusini baada ya vita vyao na Waingereza, pamoja na Wajerumani, na baadaye Wagiriki na Waingereza. Katikati ni migomba na mikahawa, na watu wanaongezeka. Ng'ombe walilazimika kupita katikati ya mashamba ya wageni ili kufika kwenye malisho ya upande wa kaskazini mashariki, Engare Nanyuki na Leguruki. Huko ndiko Wameru walikopumulia. Sehemu ya ardhi ile ilikuwa katika mashamba mawili yaliyojulikana kwa namba zake, 31 na 328, na Wameru walishikilia kwamba waliyakomboa kwa pesa zao wenyewe.

Mwaka 1946 serikali ilimteua Jaji Mark Wilson achunguze msongamano wa watu katika wilaya za Arusha na Moshi. Kazi yake ilikuwa kutazama jinsi mashamba ya Wajerumani yaliyonyang'anywa wakati wa vita ya pili ya dunia yangeweza kuwapunguzia wenyeji dhiki. Ripoti yake ilitoka mwaka uliofuata, na ndani yake kulikuwa na mapendekezo ya kuwarudishia wenyeji baadhi ya mashamba. Lakini jaji alipenda ramani nadhifu. Alitaka Wazungu wawe upande wao na Waafrika upande wao, pasiwe na madoadoa. Engare Nanyuki ilikuwa doa. Ilipendekezwa kwamba Wameru wa pale wahamishwe, ardhi ile iungane na ukanda wa Wazungu kwa ajili ya ufugaji wa ng'ombe wa maziwa na wa nyama, na Wameru wapewe King'ori badala yake, pamoja na fidia ya nyumba zao.

Ukikaa na kalamu, hesabu ya serikali ilitoka vizuri. Ekari kwa ekari, kabila la Wameru kwa ujumla lilipata zaidi ya lilichopoteza, na maofisa walilirudia hilo kila walipoulizwa, Arusha, Dar es Salaam, London na hata New York. Wameru walijibu kwamba King'ori ni joto, ina maradhi ya mifugo, na maji yake ni ya shida, na kwamba mwenye ng'ombe Engare Nanyuki si lazima awe ndiye atakayepata konde kwingineko. Nadhani hapo ndipo pande mbili zilipoachana moja kwa moja. Serikali ilihesabu kabila, nao walihesabu kaya.

Wakakataa. Walikataa kwa barua, wakakataa kwa mikutano, wakakataa kutaja mali zao zipate kuandikwa. Tarehe 17 Novemba 1951 polisi waliingia. Kazi iliendelea hadi katikati ya Desemba. Watu wapatao 3,000 waliondolewa, nyumba zikachomwa moto, mizigo ikapakiwa kwenye malori, mifugo ikaswagwa. Katika ombi walilolipeleka baadaye Umoja wa Mataifa walieleza mifugo iliyokufa na mali iliyoteketea. Wengi hawakwenda King'ori. Waliingia kwa ndugu zao mlimani, wakabanana katika vihamba, yaani mashamba ya nyumbani, ambavyo tayari vilikuwa vimebanana, na fidia wakaikataa.

Kukataa huko ndiko kulikowachanganya maofisa kuliko kitu kingine. Mtu amechomewa nyumba, analetewa pesa ya nyumba, anakunja mikono. Walidhani ni uchochezi. Lakini mwenye kupokea bei amekubali kuuza, na Wameru walilielewa hilo bila kuambiwa na mwanasheria. Saini au alama ya dole gumba kwenye karatasi ya malipo ingegeuza kufukuzwa kwao kuwa biashara.

Wanasheria walikuja baadaye. Earle Seaton, mtu mweusi kutoka Bermuda, alikuwa na ofisi ya uwakili Moshi. Tanganyika ilikuwa nchi ya udhamini, si koloni la kawaida, na mfumo wa udhamini uliwapa wananchi wake haki ya kupeleka malalamiko Umoja wa Mataifa. Wameru walichanga pesa, shilingi kwa shilingi, wakamchagua Kirilo Japhet, kijana aliyesoma, aende na Seaton. Katikati ya mwaka 1952 kesi ya Engare Nanyuki ilisikilizwa mbele ya Baraza la Udhamini, New York, na Kirilo akawa Mwafrika wa kwanza wa Tanganyika kusimama mbele ya Umoja wa Mataifa. Baraza lilisikitika kwa maneno laini. Kamati ya Nne ya Baraza Kuu, yenye nchi nyingi zilizokwisha kuonja ukoloni, ikapitisha azimio kali la kutaka watu warudishiwe ardhi yao. Azimio lilipofika Baraza Kuu lenyewe, Desemba 1952, lilikosa theluthi mbili ya kura.

Kwa hiyo walishindwa. Kirilo alirudi, akazunguka sehemu nyingi za Tanganyika akieleza alichokiona, na watu waliokuwa hawajawahi kuisikia Engare Nanyuki wakaanza kuuliza juu ya mashamba yao wenyewe. TANU ilipoundwa Julai 1954, swali la ardhi lilikuwa limekwisha kupashwa moto. Machi 1955 Julius Nyerere naye alisimama mbele ya Baraza la Udhamini. Njia ilikwisha kukanyagwa.

Mtu angetarajia kwamba chama kilichokuzwa na hasira ya Engare Nanyuki, kikishika dola, kingeipa ardhi ya mnyonge ulinzi wa chuma. Mambo hayakwenda hivyo, na sababu yake inastahili kuelezwa kwa haki.

Mwaka 1958 serikali ya kikoloni ilipendekeza Waafrika waruhusiwe kumiliki ardhi moja kwa moja, kwa hati ya kudumu, wauze na kununua kama kitu chochote. Nyerere alipinga. Aliandika insha fupi kuhusu mali ya taifa, ambayo baadaye iliingizwa katika kitabu chake cha hotuba na maandishi. Hoja yake ilikuwa hivi: ardhi ni zawadi ya Mungu kwa viumbe wake wote, hakuna aliyeitengeneza. Mtu anapofyeka pori akalima, jasho lake ni lake. Ule ufyekaji ni wake, na mazao ni yake. Lakini jasho halimpi udongo wenyewe. Akiacha kuutumia, mwingine autumie. Aliogopa kwamba ardhi ikigeuka bidhaa, katika nchi ya maskini wachache wenye pesa watainunua yote, na wajukuu wa wakulima watakuwa wapangaji. Ukitazama jirani zetu na historia yao ya mashamba makubwa, hofu hiyo haikuwa ya kubuni.

Uhuru ulipokuja, hoja ikawa sheria. Mwaka 1963 hati za kumiliki milele zilibadilishwa kuwa ukodishaji wa miaka 99, na mwaka 1969 ukodishaji nao ukageuzwa kuwa haki ya kukalia. Katikati, mwaka 1967, Bunge lilipitisha Sheria ya Utwaaji Ardhi. Rais anaweza kuitwaa ardhi yoyote kwa manufaa ya umma. Anayeondolewa analipwa. Lakini kifungu cha 12 kikasema wazi kwamba ardhi tupu hailipiwi. Fidia ni kwa kile kilichoendelezwa juu yake ambacho thamani yake haijakwisha. Nyumba, ndiyo. Mkahawa, ndiyo. Ardhi yenyewe, hapana. Ya gavana yakawa ya rais, na safari hii kwa jina la usawa.

Kwa kulinganisha tu: Kenya ilitunga sheria yake ya kutwaa ardhi mwaka 1968, ikiirithi ile ya India ya mwaka 1894 iliyotumiwa na Waingereza huko. Mkenya mwenye hati alilipwa bei ya soko ya ardhi, na juu yake asilimia 15 ya kumpoza kwa kuwa hakutaka kuuza. Mpaka mmoja, lugha moja, na udongo ule ule wa Kilimanjaro. Ukiruka mfereji kuelekea Taveta ulipata bei, ukirudi Holili iliyeyuka. Sisemi kwamba Kenya ilitenda haki zaidi, kwani asiye na hati kule alikuwa na mashaka yake makubwa. Nasema tu kwamba haikuwa sheria ya maumbile.

Kisha vikaja vijiji. Novemba 1973 Mwalimu Nyerere alitangaza kwamba kufikia mwisho wa mwaka 1976 watu wote wa mashambani wawe wanaishi vijijini. Operesheni hiyo ilihamisha mamilioni. Wengine walikwenda kwa hiari, wengine kwa lori la mgambo. Mtu aliacha konde la baba yake na kukatiwa ekari mbili katika konde la baba wa mwingine, na yule mwingine naye alikatiwa mahali pengine. Fidia haikuzungumzwa. Sheria ya kuhalalisha ugawaji huo haikufuatwa ipasavyo, kwani wakati huo nani angeuliza?

Walioanza kuuliza ni Wabarabaig wa Hanang. Shirika la umma la kilimo na chakula, NAFCO, lilikuwa limefungua mashamba makubwa ya ngano kwenye malisho yao kwa msaada wa Kanada. Kijiji cha Mulbadaw na baadhi ya wakazi wake walilishtaki. Mwaka 1984 Mahakama Kuu, Arusha, ikawapa ushindi. Shirika likakata rufaa, na mwaka 1985 Mahakama ya Rufani ikaupindua ushindi ule. Kijiji hakikuonyesha kwamba kiligawiwa ardhi ile kisheria. Na wakazi je? Sheria ya mkoloni ilisema haki ya kimila ni ya wenyeji. Wadai hawakuthibitisha mahakamani kwamba wao ni wenyeji. Nimeisoma hukumu hiyo zaidi ya mara moja nikidhani nimekosea kusoma. Wafugaji waliozaliwa chini ya Mlima Hanang, kama wazee wao, walitakiwa walete ushahidi wa uenyeji wao, miaka 24 baada ya uhuru.

Wakati huo nchi ilikuwa inabadilika. Ali Hassan Mwinyi alikuwa ameshika urais, biashara ikafunguka, ardhi ikaanza kutamaniwa, na watu waliohamishwa zamani wakaanza kurudi kudai makonde yao. Arusha kesi zilikuwa nyingi, na mahakimu wengi waliwapa haki wenye asili. Kwenye vijiji ikawa vurugu: aliyekatiwa mwaka 1975 amejenga, amezika watoto wake pale, na leo anakuja mtu ana hukumu mkononi. Serikali iliona operesheni nzima inafumuka. Mwaka 1987 ikatoa tangazo la kufuta haki za kimila katika vijiji vya mkoa huo. Mwaka 1991 Rais Mwinyi aliunda tume ya kuchunguza masuala ya ardhi chini ya Profesa Issa Shivji, ikasikiliza wananchi nchi nzima, na ikakabidhi ripoti yake Novemba 1992. Wino haujakauka, Bunge likapitisha Sheria Namba 22 ya mwaka huo: haki za kimila za kabla ya operesheni zimekwisha, fidia kwa ajili ya kukwisha huko haipo, kesi zilizoko mahakamani zife, na hukumu zilizotolewa zisitekelezwe.

Baba mmoja na mwanawe, wakulima wa Kambi ya Simba, kata ya Mbulumbulu, walikuwa wameshinda kesi yao mwaka 1987 na kurudishiwa shamba. Rufaa dhidi yao ilikuwa ingali Mahakama Kuu sheria mpya ilipoanza kufanya kazi, Desemba 28, 1992. Wakaenda mahakamani kuipinga sheria yenyewe, kwamba inakiuka Katiba. Katiba ilikuwa imeingiziwa sura ya haki za binadamu mwaka 1984, na ibara ya 24 inasema kila mtu ana haki ya kumiliki mali na kuhifadhiwa mali yake, na kwamba ni haramu kumnyang'anya bila fidia inayostahili. Mahakama Kuu ikawakubalia. Mwanasheria Mkuu akakata rufaa.

Hukumu ilisomwa Desemba 1994, na aliyeiandika ni Jaji Mkuu Francis Nyalali. Wanasheria huiita kesi ya Akonaay. Hoja ya serikali ilikuwa ile ile ya mwaka 1953: haki ya kimila ya kukalia ardhi si mali, kwa hiyo ibara ya 24 haihusiki. Nyalali aliigeuza hoja hiyo akaitazama upande wa pili. Kama haki hiyo si mali, alisema, basi walio wengi Tanzania bara ni wavamizi tu katika nchi yao wenyewe, na hilo haliwezi kuwa kweli. Ardhi ya umma imewekwa kwa rais kama amana. Mwenye kushika amana hawezi kuila.

Halafu akaja kwenye bei. Je, asiyejenga wala kupanda miti ya kudumu alipwe nini? Hapo Jaji Mkuu aliichukua ile insha ya Nyerere ya mwaka 1958. Mwalimu alisema jasho la kufyeka ni mali ya aliyefyeka. Vema. Basi hata pasipo nyumba wala mkahawa, ikiwa mtu ametia nguvu zake katika ardhi, ana kitu chake pale, na akiondolewa alipwe fidia inayostahili. Si lazima fidia ikomee kwenye kile kinachoonekana kimesimama. Maneno yaliyoandikwa kuzuia udongo usiuzwe yakatumika kuupa thamani. Sijui kama Mwalimu, aliyekuwa hai bado akilima Butiama, alitabasamu au alikunja uso.

Mahakama ya Rufani haikuifuta Sheria Namba 22 yote kama Mahakama Kuu ilivyofanya. Iliviondoa vifungu kadhaa, hasa vile vilivyofunga milango ya mahakama. Lakini kanuni ilikwisha kutamkwa: haki ya kimila ni mali.

Serikali ilikuwa inaandaa sera mpya ya ardhi wakati huo huo. Sera ilitoka mwaka 1995, na mwaka 1999 zikaja Sheria ya Ardhi na Sheria ya Ardhi ya Vijiji, zilizoanza kutumika Mei 1, 2001. Miongoni mwa misingi iliyowekwa mwanzoni kabisa, kifungu cha 3, kuna maneno mawili ambayo bibi angeyapenda. Kwanza, kwamba maslahi katika ardhi yana thamani. Pili, kwamba anayeondolewa alipwe fidia kamili, ya haki na kwa wakati. Mezani pa mthamini, bei ya soko ya ardhi ikaingia.

Kanuni za mwaka 2001 zikaeleza hesabu inavyofanywa, na zina uhalisia wa watu waliowahi kuhamishwa. Kuna bei ya ardhi na vilivyomo. Kuna posho ya usumbufu, inayokokotolewa kwa kuzidisha thamani ya ardhi na wastani wa riba ambayo benki hutoa kwa amana ya miezi 12. Mwenye nyumba anapewa posho ya makazi: kodi ya mwezi ya nyumba kama ile, mara 36. Mwenye duka analipwa faida yake ya mwezi, nayo mara 36. Kuna posho ya usafiri, gharama ya kusafirisha tani 12 za mizigo umbali usiozidi kilomita 20, kwa reli au barabara, ipi nafuu. Malipo yakichelewa zaidi ya miezi sita, yanazaa riba. Na Sheria ya Uthamini ya mwaka 2016 ikaongeza kwamba uthamini wa fidia hudumu miaka miwili. Baada ya hapo umekufa, mthamini arudi ahesabu upya.

Mtu yeyote aliyewahi kupisha mradi anajua kwamba ugomvi umehamia humo humo ndani ya hesabu. Bei ya soko mahali ambapo hakuna anayeuza huipataje? Mthamini hutumia viwango vya eneo zima, na mwenye shamba la kando ya mto anahesabiwa sawa na wa juani. Nyumba iliyopigwa X ya kubomolewa haikarabatiwi, haipangishwi vizuri, haiuziki, na mwenyewe anasubiri huku saruji ikipanda bei. Miezi sita inaanza kuhesabiwa lini? Swali hilo limewalisha mawakili wengi.

Na sheria ya 1967 haikufutwa. Ukifungua sheria zilizorekebishwa utaikuta kama Sura ya 118, na Sheria ya Ardhi ni Sura ya 113, zikikaa rafu moja, moja ikisema ardhi tupu hailipwi na nyingine ikisema ardhi ina thamani. Zikigongana, ile ya 1999 ndiyo inayotangulia.

Hata hivyo ardhi tupu haijapata haki sawa na yenye nyumba. Kanuni za 2001 zinaipa bei yake na posho ya usumbufu, kisha zinasema kwamba asiyekaa pale halipwi makazi wala usafiri. Mantiki yake haina kasoro. Lori la tani 12 litakwenda kubeba nini kwenye kiwanja kitupu?